SULTAN AL-HASAN BIN SULAIMAN WA KILWA NA SARAFU ZISIZO NA MWAKA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Katika sehemu hii ya maisha ya watu mashuhuri, safari hii tumemchagua Sultan al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyejulikana kwa lakabu ya Abul Mawahib, maana yake mtu wa vipawa vingi, yaani mwingi wa kutoa. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mtawala Mwislamu wa nchi yetu hii, aliyeishi zaidi ya miaka 600 iliyopita, na vijana wetu wengi hawamjui. Pili, alitengeneza sarafu zenye jina lake, na kazi ya kutafuta umri wa sarafu hizo inaanzia kwenye elimu ile ile wanayoipata watoto wetu hapa madrasa, nayo ni kuzisoma herufi za Kiarabu.

Huenda mtu akauliza: Kilwa iko pwani ya kusini na sisi tuko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, je, habari hizi zinatuhusu nini? Tunajibu kwamba zinatuhusu. Kiswahili tunachosemeshana Barazani, baina ya mkulima wa vitunguu, Mwiraqw, Mdatoga, Mhadzabe na mfanyabiashara aliyetoka mbali, ni lugha iliyotufikia kutoka pwani. Na dini yetu nayo iliingia bara kwa njia za misafara iliyotoka huko huko.

NASABA NA UJANA WAKE

Sultan al-Hasan alitoka katika ukoo wa Mahdali, ukoo wa masharifu wenye asili ya Yemen. Ukoo huu ulishika utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13 Miladia. Wa kwanza wao kutawala alikuwa babu yake, al-Hasan bin Talut. Baba yake ni Sulaiman bin al-Hasan, na yeye mwenyewe ni al-Hasan bin Sulaiman. Msomaji azingatie majina haya vizuri, maana babu na mjukuu wana jina moja, na tutakuja kuona kwamba mtu akilisoma jina nusu anaweza kupotea.

Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, inaeleza kwamba al-Hasan alipokuwa kijana aliondoka kwao kwenda kuhiji. Katika safari hiyo alikaa Aden miaka miwili akitafuta elimu. Wakati yeye yuko safarini, ndugu yake Daud ndiye aliyeushika utawala wa Kilwa. Al-Hasan aliporejea kutoka Hija, Daud alimwachia kiti. Tunaona hapa kwamba kijana huyu, ingawa alizaliwa katika nyumba ya utawala, hakuona kuwa ufalme unamtosha bila elimu. Alitanguliza kusoma na kuitekeleza nguzo ya tano, kisha ndipo akashika madaraka.

UTAWALA WAKE

Wanahistoria wanauweka utawala wake kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi. Kilwa wakati huo ilikuwa mji mkubwa wa biashara. Dhahabu kutoka nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, ambayo sasa iko Msumbiji, na kutoka huko ikapandishwa vyombo kuja Kilwa. Pembe za ndovu nazo zilipita hapo. Majahazi yalikwenda Yemen, Ghuba na Bara Hindi kwa pepo za kusi, na yakarudi kwa kaskazi yakiwa na nguo, shanga na vyombo vya kauri, vikiwemo vya kutoka Uchina.

Mali hiyo ilimwezesha Sultan kujenga. Nje ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, lilijengwa kasri la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100, mabaraza, uwanja wa kuhifadhia bidhaa na birika la kuogelea lenye pembe nane. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao ulipanuliwa sana, ukaongezwa matao na makuba. Sehemu hiyo iliyoongezwa baadaye ilianguka, ikaja kujengwa upya karne ya 15, na mpaka leo watu wanakwenda kuitazama. Magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981.

UKARIMU WAKE

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mkubwa wa Kiislamu, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja nchini Morocco. Alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akateremka hadi Kilwa. Alimkuta Sultan al-Hasan akiwa kwenye kiti chake, na akaandika aliyoyaona. Anaeleza kwamba watu wa Kilwa walikuwa Mashafii, watu wa dini na wema. Sultan wao alikuwa mnyenyekevu, akikaa na mafakiri na kula nao chakula, na akiwaheshimu watu wa dini. Sehemu ya tano ya ngawira aliitenga kama Qur'ani ilivyoagiza, na fungu la masharifu akaliweka mahali pake mpaka walipofika wenyewe kutoka Iraq, Hijazi na kwingineko.

Ibn Battuta anasimulia kisa kimoja alichokishuhudia. Siku ya Ijumaa, Sultan alipokuwa akitoka msikitini kurudi nyumbani, alimkabili fakiri mmoja kutoka Yemen akamwomba nguo alizozivaa. Sultan hakumkasirikia. Alirudi msikitini, akaingia katika chumba cha khatibu, akavaa nguo nyingine na zile akampa fakiri yule. Watu walimshukuru Sultan kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akaenda kuzikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultan aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa tunapaswa kusema kweli. Ukarimu wa mfalme huyu tunausifu, lakini miongoni mwa zawadi hizo walikuwamo binadamu, na Ibn Battuta anasema wazi kuwa Sultan alikuwa akipeleka vita kwa watu wa bara. Hao walikuwa watu wa huku kwetu, walioishi upande huu wa nchi kavu. Utumwa ulikuwa jambo la zama zile katika nchi nyingi, na leo umekatazwa na dunia nzima. Tunalitaja jambo hili ili kijana wetu ajue kwamba kumsoma mtu wa zamani hakumaanishi kulifuata kila alilolifanya. Tunachukua lililo jema, na lile lingine tunalijua lilivyokuwa.

KUFARIKI KWAKE

Sultan al-Hasan alifariki dunia, na aliyemrithi ni ndugu yake Daud, yule yule aliyemshikia kiti zamani. Ibn Battuta anasema kwamba Daud alikuwa kinyume cha nduguye. Akijiwa na mwombaji, alimjibu kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wakakaa kwake miezi mingi na kuondoka na kidogo sana, mpaka wakaacha kwenda.

Kasri la Husuni Kubwa nalo likahamwa, likabaki magofu. Mali ya dhahabu ikatawanyika. Miongoni mwa vilivyobaki vikiwa na jina la Sultan huyu, mbali na vitabu, ni vipande vidogo vya shaba vilivyozagaa katika mchanga wa Kilwa, navyo ni sarafu zake.

SARAFU ZAKE

Sarafu za Kiislamu zina utaratibu wake wa tangu zamani. Khalifa Abdul Malik bin Marwan wa Bani Umayya, mwaka 77 Hijria, alitoa dinari zisizo na picha ya mtu wala mnyama, bali maandishi matupu. Tangu hapo sarafu nyingi za Waislamu zilibeba maneno ya Tauhidi, na pembezoni zikaandikwa mji zilikotengenezwa na mwaka wake kwa maneno. Aliyejua kusoma aliweza kujua mara moja imetoka wapi na lini.

Mfano ulio karibu nasi ni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar. Upande mmoja ina picha ya mizani, na mwaka wake ni 1299 Hijria. Mwanafunzi anaweza kuugeuza mwaka huo kuwa wa Miladia kwa hesabu nyepesi. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, una siku 354 au 355, hivyo ni mfupi kuliko wa Miladia. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ujumlishe 622. Kwa hiyo 1299 mara 0.97 ni 1260, ukijumlisha 622 unapata 1882. Hesabu hii inaweza kupishana kwa mwaka mmoja, lakini inafikisha karibu.

Sasa mtihani uko kwenye sarafu za shaba za Kilwa, kwa sababu hazina mwaka. Upande mmoja una jina la mtawala na la baba yake, pamoja na dua ya kumwombea nusura. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola Mwenye kuneemesha, yaliyochaguliwa yawe na kina kimoja na jina la mtawala, kama beti za shairi. Hilo ni pambo zuri, na mtu aliyejua kusoma alilifurahia, lakini mwaka haumo. Sarafu za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman nazo zimepatikana, lakini ni chache mno. Tatu kati yake zilielezwa mwaka 1991 na Helen Brown, mtaalamu wa sarafu wa Oxford.

JINSI UMRI WAKE UNAVYOTAFUTWA

Je, sarafu isiyo na mwaka umri wake unajulikanaje? Tutaeleza hatua moja moja.

Hatua ya kwanza ni kusoma. Sarafu nyingi za kale hazina nukta, na herufi zake zimelika. Mwanafunzi wetu anajua kwamba ba, ta na tha bila nukta zinafanana, na jim, ha na kha vile vile. Basi msomaji hutazama herufi zilizo jirani na kupima neno zima. Tena lazima alisome jina mpaka mwisho. Sulaiman bin al-Hasan ni baba, al-Hasan bin Sulaiman ni mtoto. Majina ni yale yale mawili, kilichobadilika ni mpangilio tu.

Hatua ya pili ni kulitafuta jina hilo kwenye vitabu. Tarikh ya Kilwa inawataja watawala kwa mfuatano na muda wa kila mmoja, lakini iliandikwa baada ya miaka mingi, na nakala ya Kiarabu hailingani kila mahali na ile aliyoichapisha Mreno João de Barros mwaka 1552. Hapo ndipo Ibn Battuta anapofaa sana. Yeye alifika mwenyewe, akamwona mtu huyo kwa macho, na safari yake ina tarehe. Kwa hiyo mwaka 1331 al-Hasan alikuwa anatawala. Na kwa kuwa kitabu cha Ibn Battuta kilikamilika mwaka 1355, nacho kinataja kifo cha Sultan huyu, basi alifariki kabla ya mwaka huo. Kwa ushahidi wa mtu mmoja mkweli tumepata kigingi cha kufungia kamba yetu.

Hatua ya tatu ni kutazama mahali sarafu ilipolala. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa miaka ya 1960, aliyaangalia matabaka ya udongo na vyombo vilivyokuwa pamoja na sarafu. Katika Husuni Kubwa lilipatikana jiwe lenye maandishi yanayomtaja al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu, jiwe na msafiri vikaafikiana.

Hatua hii ya tatu sisi wa Mang'ola tunaweza kuielewa kuliko wengine. Hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, liko pango la Mumba, ambako Ludwig na Margit Kohl-Larsen walichimba miaka ya 1930. Vitu vya pale havina maandishi hata kidogo, na umri wake hutafutwa kwa kuanzia na tabaka la udongo kila kitu kilipokuwa. Sarafu nayo ikiokotwa na kuondolewa bila ya mtu kuandika ilikuwa wapi na pamoja na nini, nusu ya ushahidi wake imepotea.

KOSA LILILOSAHIHISHWA NA ARDHI

Tupate mfano mwingine. Ziko sarafu za mtawala aitwaye Ali bin al-Hasan. Tarikh ya Kilwa inamtaja kuwa ndiye mwanzilishi wa utawala wa Washirazi. Chittick alipozipima sarafu hizo pamoja na matabaka ya Kilwa, aliona kuwa mtu huyo aliishi kwenye miaka ya 1200 hivi. Wengi wakaifuata rai hiyo.

Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii, na Ali bin al-Hasan akiwa mmoja wao. Hizo hazikuwa na mwaka. Lakini pamoja nazo zilikuwapo dinari chache za dhahabu za kigeni, na dinari zina mwaka. Ya mwisho kabisa kati yao ni ya mwaka 1066. Basi ikafahamika kwamba Ali bin al-Hasan ni mtu wa karne ya 11, zaidi ya miaka 100 kabla ya ilivyodhaniwa. Sarafu yenye mwaka iliwatolea ushahidi jirani zake wasio na mwaka. Lau aliyeikuta akiba ile angeitoa dhahabu peke yake na kuiuza, jambo hilo lisingejulikana.

ZILIKOFIKA

Sarafu za shaba za Kilwa zilikuwa za matumizi ya nyumbani, na nyingi zimepatikana Kilwa yenyewe na visiwa vya karibu kama Mafia. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya maili kutoka baharini. Ilithibitisha yale yaliyosemwa juu ya biashara ya dhahabu, na ikasaidia kuupima wakati wa mji ule.

Nyingine zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Pamoja nazo zilikuwapo sarafu nne za Kiholanzi, ambazo ni za karne nyingi baadaye. Hapa kuna tahadhari kwa mwanafunzi: maandishi ya sarafu yanakwambia ilitengenezwa wakati wa nani, hayakwambii iliangushwa lini. Sarafu huweza kuishi mikononi mwa watu muda mrefu kuliko mfalme wake.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, elimu ya kusoma si ya chuoni tu. Mtoto anayejifunza kuunganisha herufi kwenye ubao wa madrasa ya Mang'ola anashika ufunguo ule ule unaofungua historia ya nchi yake. Wengi waliozisoma na kuzichapisha sarafu za Kilwa walikuwa wageni, nasi tunawashukuru. Lakini tunataka wasomaji wa kesho watoke kwetu, wavulana na wasichana.

Pili, tuandike tarehe. Kilwa nzima ilikuwa na wafanyabiashara na wanachuoni, na bado tunategemea mgeni aliyepita siku chache kuujua mwaka wa mfalme wao. Tuandike ni lini msikiti wetu ulijengwa, nani alichimba kisima, maalimu gani alisomesha na miaka gani. Wazee wanaoyajua hayo wanaondoka.

Tatu, sarafu ni amana. Mtawala alipoweka jina lake na la Mola wake juu ya kipande cha shaba, alikuwa anawaahidi watu sokoni kwamba thamani yake ni ya kweli. Nasi wenye mizani na magunia ya vitunguu tulikumbuke hilo kila tunapopima.

Nne, anayeokota kitu cha kale asikiyeyushe, asikisugue wala asikiuze. Akiache pale pale ikiwezekana, aandike alipokiona na atoe taarifa serikalini, kama inavyotaka Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Na mwisho, Sultan al-Hasan hakutuandikia mwaka wake, lakini jina lake tumelipata pamoja na habari ya kutoa kwake. Nduguye Daud naye jina lake tumelipata, pamoja na habari ya kuzuia kwake. Kila mmoja wetu aangalie ni lipi litakaloandikwa juu yake.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliotutangulia, awasamehe makosa yao, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa wakweli katika vipimo vyetu na wakarimu katika riziki alizotupa. Amin.

Wabillahi tawfiq.